Choa cha Paka Kashata

Chupa ya maji ya mwarobaini ilikuwa haifunguki mpaka mnyama mgonjwa aeleze, kupitia ukanda unaomsemea shingoni, ugonjwa ameupata wapi. Mzee Shekue aliapa kwamba sheria hiyo imetungwa na mtu asiyeoa.

Paka wao, Kashata, alikuwa na choa mgongoni. Shekue alikuwa nacho chake, kakificha chini ya saa ya mkononi.

"Mke wangu, nichume majani tu nimtwangie," alisema. "Maneno mengi ya nini?"

"Tangu lini ukamjali paka wewe?" Bi Mwanasiti akauwasha ukanda. "Haya, mwanangu, nani kakuambukiza?"

Kashata alijilamba, akamkazia macho bwana mwenye nyumba. Shekue akaivuta saa yake ifunike vizuri. Kila alipoaga kwenda kucheza bao, alikuwa kwa mjane wa mtaa wa pili, kampakata paka wa mjane huyo, naye ana choa.

"Sikumbuki," ukanda ulisema. "Ila nikila samaki nguru, kumbukumbu hunirudia. Nikila kamba, hunipotea kabisa."

Shekue alinyakua kikapu, mbio sokoni kutafuta kamba. Aliporudi anahema, hata kizingiti hajakivuka, harufu ya nguru anayekaangwa ikamlaki.