Eda ya Alasiri Moja

Siku hizi eda hatukai ndani. Mjane analazwa kwenye kiti cha serikali, anavishwa miwani, anatembezwa Andromeda, galaksi ya jirani, apumzike moyo. Nje inapita alasiri moja. Kule unaishi miezi minne na siku kumi.

Nyota zilikuwa nzuri, sikatai. Nilisali bila kujua kibla ni upande gani.

Niliporudi nyumbani, binti yangu Zulfa akacheka. "Mama, umenawiri! Hata sisi watoto wa marehemu tunaruhusiwa; mimi nilikwenda jana, machozi yote yakaisha."

"Alhamdulillahi," nikasema.

Uani, kanzu ya marehemu mume wangu niliyoifua mchana ilikuwa bado inadondosha maji. Nikaishika.

"Zulfa, baba yako alikuwa akiniitaje?"

Zulfa akaitazama kanzu kama ya mgeni. "Sikumbuki, Mama."