Jasho la Kabula

Chatu mchanga alimng'ata Kabula kwa mara ya nne, damu ikachuruzika kidoleni.

"Shemeji, basi," alisema Malimi, kiongozi wa kikundi cha ngoma ya nyoka. "Kesho namrudisha porini. Nafasi ya marehemu nitampa mwingine."

Kabula alimrudisha chatu kapuni, akalifunga. Nafasi hiyo ya mumewe ndiyo aliyoitaka, na kila asubuhi alioga kwa sabuni ya manukato kabla ya kumshika chatu, kama mtu anayekwenda kwa wakwe.

Malimi akamnusa, akacheka. "Kumbe! Unanukia kama bibi harusi. Nyoka humjua mtu kwa jasho lake, wewe unalisugua."

"Nipe siku tatu."

"Tatu tu. Na usioge!"

Kabula alirudi kutoka kulima, akavua kilemba kilicholowa jasho, akakilaza ndani ya kapu. Chatu alifoka, kisha akajikunja juu yake, akalala.

Siku ya tatu, Malimi akiwa amesimama mlangoni, Kabula aliingiza mkono wenye udongo wa shamba. Chatu akainua kichwa. Ulimi wake ukagusa kidole chenye kidonda, ukarudi, ukatoka tena; hakung'ata.