Suruali ya Fundi

Fundi cherehani mstaafu alisimama nyuma ya kiti cha dada yake mdogo, akasoma ukurasa ambao dada huyo alikuwa akiwaandikia wajukuu habari za maisha yake mwenyewe. Masikio yakamwaka moto.

"Mdogo wangu, hii ya suruali itoe."

"Kwani ni uongo?"

Haukuwa uongo. Siku uchungu wa uzazi ulipomshika dada, gari lilikosekana, kaka akambeba mgongoni hadi hospitali. Pale mlangoni, mbele ya wauguzi na wakwe, suruali aliyojishonea mwenyewe ikachanika kutoka kiunoni hadi gotini.

"Wajukuu watanionaje? Fundi mzima!"

"Haya, kaka, nakutoa." Akakata mistari kadhaa, akaandika mmoja, akamsogezea karatasi.

Mzee akasoma: *Mtu mmoja alinibeba hadi hospitali.*

Kidole chake, chenye sugu ya miaka mingi ya sindano, kikaganda juu ya maneno yale.

"Mtu mmoja?"

"Si umetaka utoke?"

"Mtu mmoja gani? Nani mtaa ule alikuwa na mgongo wa kukubeba wewe na tumbo lile, huku unamng'ata bega?"

"Simkumbuki," dada akasema, akibana kicheko.

Mzee akavuta kiti, akampokonya kalamu. Akakata "mtu mmoja", akaandika juu yake kwa herufi nene: *kaka yangu*.

"Na suruali je?" dada akauliza.

Mzee alikuwa ameshainama anaandika, anaeleza mpaka rangi ya uzi.