Mwanga wa Theluji

Wale wazungu wa sinema walikuwa wameshatoka kambini, wanakokota mizigo kwenye theluji kuelekea mwisho wa dunia. Milango ya ghala la kahawa pale Ruiru ilifungwa ili kuwe na giza, na wafanyakazi walikaa sakafuni kutazama.

"Hawa hawarudi," rafiki Mkikuyu aliyekaa na Barasa alinong'ona. Alikuwa akiwapelekea Mau Mau unga msituni, na Barasa pekee ndiye aliyejua.

Theluji ikajaa kitambaa chote cha sinema. Nyuso za watazamaji ziling'aa hata ungeweza kuhesabu ndevu. Ndipo Barasa akamwona mtu kando ya kitambaa, amevikwa kichwani gunia lenye matundu mawili ya macho. Hakutazama sinema, alitazama watu. Alipoinamisha kichwa, mmoja wa safu ya mbele alitolewa nje na askari kimyakimya.

Askari mwingine alikuwa nyuma yao, kwa hiyo Barasa hakuweza kumwonya rafiki yake. Alisimama tu mbele ya taa ya mashine ya sinema, na giza likamrudia rafiki yake usoni.

"Kaa chini, wewe Mkavirondo!" rafiki akapaza sauti akicheka, akimtania kwa jina waliloitwa watu wa magharibi. "Tuone kama watafika!"

Gunia likageukia sauti ile.

Sinema iliendelea mpaka wazungu wote wakaganda. Rafiki alipelekwa kambi ya kizuizini ya Manyani, hakurudi. Barasa alifukuzwa kazi, akaenda kwao Kimilili. Mwenye gunia hakujulikana.