Waya Zilizovikwa Uzi

Tak-taka, tak-taka. Hatibu aliisikia sauti hiyo kabla hajauona mlango, akaifuata. Ndani, Bi Zamda alikuwa akifuma tambi za majiko ya mafuta ya taa kwa mashine ya mkono.

Hatibu, fundi umeme wa magari, alikuwa amechoka hadi kwenye kope. Miji saba alikuwa ameizunguka akitafuta waya za kuvikwa uzi wa pamba, mfano wa zile za kale, kwa ajili ya gari la zamani la baba yake. Kote alipewa plastiki. Mzee, ambaye tangu apofuke huona kwa vidole, alizipapasa akazitupa. "Hili si gari langu. Ijumaa muuzieni mtu wa chuma chakavu."

Hatibu akatoa kipande cha waya wa zamani.

Bi Zamda akacheka. "Huu uzi wa juu si soksi ya utambi, mwanangu? Ulikuwa unaulizia wapi?"

"Kwa wauza vipuri vya magari, mama."

"Ungeuliza wapishi!"

Akapitisha waya mpya katikati ya mashine, akazungusha. Waya ukatoka umevaa uzi. Hatibu akafumba macho, akaupapasa taratibu kama baba yake.

"Bi Zamda, wallahi, Ijumaa mtu wa chuma atakuta uwanja mtupu. Gari litakuwa barabarani: wewe utakaa mbele, na mzee atapiga honi."