Bata wa Mguu wa Kushoto

Kosa ni langu. Wake wenza wawili wa jirani yangu waligombania bata, na kwa kuwa mume wao huwanunulia kanga za aina moja, hata vitambaa vyake havitofautiani rangi, niliwashauri wawafunge vitambaa kwenye miguu tofauti: bata wa Mwanasiti, mke mkubwa, mguu wa kulia; wa Hidaya, mdogo, wa kushoto. Nikasahau kuwaambia kwamba bata akikutazama, kulia kwake ni kushoto kwako.

Asubuhi moja Mwanasiti alimkuta bata jike ndani ya sufuria ya mchele, anauchafua kwa miguu yenye tope. Akaona kitambaa upande wa kushoto, akashika mchi. Pigo la kwanza lilivunja bawa. La tatu lilipasua kichwa, damu ikamrukia usoni. Kila pigo alimkusudia Hidaya.

“Njoo uzoe mzoga wako,” alimwita.

Hidaya alimgeuza bata kwa kidole cha mguu, akacheka. “Wangu wote wamo bandani, dada. Huyu si yule wako anayeatamia?”

Mwanasiti alikimbilia kiotani. Mayai kumi na moja yalikuwa bado na joto. Akayabeba kwenye pindo la kanga, akarudi.

“Mdogo wangu, niazime wako mmoja ayalalie.”

Hidaya alikuwa anafunga mlango wa banda.