Vijidudu kwenye Chungu cha Marehemu

Nilipomwagilia ua la marehemu mke wangu, vijidudu vyeupe vikarukaruka juu ya udongo. Nikabeba chungu nikakitupe.

"Baba, ngoja." Binti yangu akamulika kwa simu. "Wangekuwa na mabawa, ningeogopea mizizi, maana watoto wao huila. Hawa wanaruka kama viroboto tu, wanakula vilivyooza. Hawana neno."

Aliwajua papo hapo. Mama yake, madaktari wakubwa wa hospitali walimzungusha mpaka akafa, na ugonjwa hawakuutaja.

"Wameletwa na unyevu," akasema. "Unamwagilia lini?"

"Kila asubuhi."

Akazima taa ya simu. "Na mimi kila jioni."

Udongo ulikuwa uji, umeninata vidoleni.

"Basi nani aache?" nikauliza.

Alikuwa ameshalishika jagi la kumwagilia, hataki kuliachia.